Kiraka cha Mgongoni mwa Pepo

Alhamisi, tarehe 14 Aprili 2163, saa mbili kamili asubuhi. Tukuyu ilikuwa na mvua nyembamba isiyo na upepo, nyuzi joto kumi na tano, na ukungu uliofunika migomba hadi shingoni.

Subilaga Mwandenga, mhifadhi mkuu wa Maabara ya Udongo na Sumaku, alitundika koti lake la mvua na kuingia chumba namba nne. Humo alikuta watu wawili na vibao viwili.

Watu hao walikuwa Daktari Hokororo, mkurugenzi wa maabara, na Mhandisi Shekalage, msimamizi wa tanuri la kusomea. Vibao vilikuwa mezani, kila kimoja kwenye sinia lake. Vyote vilikuwa vya udongo uliochomwa, vyote sawa na kiganja cha mtu mzima. Vyote vilionyesha pepo yuleyule aliyetokeza juu ya udongo kana kwamba anatoka ukutani: uso wa mbwa mwenye hasira, macho ya duara, mbawa nne, miguu ya tai na mkia wa nge. Mkono wake wa kulia uliinuliwa na wa kushoto ulishushwa.

"Chagua," alisema Hokororo. "Kipi kilifinyangwa Babeli zaidi ya miaka elfu mbili na mia saba iliyopita, na kipi kimetoka kwenye kichapishi chetu alfajiri hii?"

Subilaga aliviangalia kwa dakika nzima. "Siwezi kusema," alijibu.

"Mimi pia siwezi. Hata mashine haiwezi. Bila namba zilizo kwenye masinia, tungekuwa tumeshapotea."

"Mimi naweza," alisema Shekalage. "Cha kweli ni kile kinachofanana na Daktari asubuhi ya Jumatatu."

Hakuna aliyecheka, hata Shekalage mwenyewe. Alikuwa Msambaa wa Lushoto, mtu wa mzaha kwa desturi, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa amelala.

"Nini kimetokea?" aliuliza Subilaga.

Hokororo alimweleza. Tufani ya jua iliyotarajiwa wiki ijayo ilikuwa imekwisha kuondoka kwenye jua. Ingefika duniani saa kumi jioni, siku hiyohiyo.

Subilaga alivuta kiti akaketi.

*

Dunia ina ngao. Ngao hiyo ni sumaku yake yenyewe, na kwa miaka mingi ilikuwa ikidhoofika. Juu ya bahari ya kusini palikuwa na sehemu iliyodhoofika kupita zote, nayo iliitwa Tundu. Tundu halikutulia mahali pamoja. Tufani ikilipiga, lilikuwa likiruka, ama kuelekea mashariki ama kuelekea magharibi, na chochote kilichokuwa angani mahali liliporukia kiliungua kwa mnururisho wa jua ndani ya robo saa.

Kituo Kilele kilizunguka dunia kikiwa na watu mia mbili na kumi na wawili. Kilikuwa na nishati ya kuhama mara moja tu. Kama kingehamia upande ambao Tundu lingerukia, wasingepona. Mwisho wa kuamua ulikuwa saa nane mchana.

Hesabu za wataalamu wote zilifika kwenye njia panda ileile. Hali kama hii iliwahi kutokea mara moja, zamani za Babeli. Iwapo nguvu ya sumaku ya dunia mwaka ule ilizidi vipimo sabini, Tundu lingeruka mashariki. Iwapo ilikuwa chini ya hapo, lingeruka magharibi. Hakuna aliyejua nguvu hiyo ilikuwa ngapi.

Ila udongo ulijua. Udongo una chembe za chuma. Ukichomwa, chembe hulegea. Ukipoa, hujipanga kwa kufuata sumaku ya dunia ya siku ile, na hubaki hivyo milele. Kumbukumbu hiyo husomwa kwa kuuchoma udongo upya hatua kwa hatua, na kila hatua hufuta kilichosomwa. Kwa hiyo husomwa mara moja tu.

Kibao cha pepo kilikutwa ndani ya kisanduku cha matofali, chini ya kizingiti cha nyumba. Matofali yale yalikuwa na mwandiko uliotaja mwaka wa kufukiwa kwake, nao ulikuwa mwaka uleule uliotafutwa. Lakini matofali yenyewe yalikaushwa juani, hayakuchomwa, kwa hiyo hayakukumbuka kitu. Katika dunia nzima, kitu pekee kilichojulikana kuchomwa mwaka ule kilikuwa kile kibao.

"Tukate kipande kidogo," alisema Subilaga.

"Kina nyufa kumi na saba," alijibu Shekalage. "Msumeno ukikigusa, tutakusanya vumbi. Ni kukiingiza chote. Na kina chumvi nyingi. Kikifika nyuzi mia tano kitapasuka."

"Na leo ndiyo siku ya kukirudisha."

"Ndiyo," alisema Hokororo. "Bi. Suhaila wa Baraza la Hilla, wenye kibao, anafika saa tatu. Mkopo wetu unaisha leo. Nimewaza hivi: cha kweli kinaingia tanurini sasa. Cha pili anakabidhiwa yeye. Anatia sahihi, anapanda ndege. Hakuna atakayejua, wala hakuna atakayeumia."

Subilaga alivitazama tena vibao viwili.

"Ningekuwa na njia nyingine ningeifuata," aliendelea Hokororo, na sauti yake ilishuka. "Tukimwomba akakataa, mikono yetu imefungwa. Tukimwibia, watu mia mbili wanaishi. Na binti yako ni mmoja wao, Mama Tumpe."

"Najua aliko binti yangu, Daktari."

"Basi?"

Tumpe alikuwa fundi wa maji wa Kituo Kilele. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Juzi alikuwa amempigia mama yake simu kumwambia kwamba mtoto anacheza sana wakati kituo kinapopita juu ya Ziwa Nyasa. Subilaga alikuwa amemjibu kwamba mtoto anajua kwao.

Alisimama. Alichukua sinia la kibao cha pili, akalifunika kwa kitambaa na kulisogeza pembeni.

"Hii ni mali ya watu," alisema. "Walituamini. Tukiwapa cha bandia, tutakuwa tumewaibia mara mbili: kitu chenyewe, na haki ya kutuambia ndiyo. Nitamwomba mimi mwenyewe."

"Na akisema hapana?"

"Atakuwa amesema hapana," alisema Subilaga.

Shekalage alimtazama Hokororo. Hokororo aliutazama mlango. Yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuamuru, na wote watatu walijua hivyo.

"Tanuri linahitaji saa tatu," alisema hatimaye. "Saa tano ni mwisho. Una mpaka saa tano, Mama Tumpe."

*

Suhaila Jabbar alifika saa tatu na dakika sita, viatu vikiwa vimelowa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye miwani mizito. Alizaliwa Hilla, mji unaopakana na magofu ya Babeli, na alisoma miaka minne Dodoma. Kiswahili chake kilikuwa safi na cha polepole, kama cha mtu anayehesabu ngazi.

"Mvua yenu haina adabu," alisema. "Ya Dodoma hainyeshi bila kubisha hodi."

"Hii ni ya kukaribisha, Bi. Suhaila. Ya kufukuza hujaiona," alisema Shekalage.

Waliketi. Chai ililetwa. Subilaga hakuigusa. Alimweleza mgeni yote kwa mpangilio: tufani, Tundu, njia panda, kumbukumbu ya udongo. Alisema kibao kingepasuka. Alisema wangeweza kuhifadhi umbo lake, lakini si chenyewe. Alitaja idadi ya watu walioko juu. Hakumtaja mtu yeyote kwa jina.

Suhaila alisikiliza bila kumkatiza. Kisha alivua miwani.

"Unajua huyu ni nani?" aliuliza, akielekeza kidole kwenye kibao.

"Pazuzu. Mfalme wa pepo wa upepo."

"Watu humwona wakasema shetani. Hawajakosea, alikuwa mbaya. Lakini alikuwapo mbaya kumzidi, Lamashtu, aliyenyakua watoto wachanga na kuwadhuru wajawazito. Mababu zetu walifikiri kwa akili ya mtaani: mbaya humtisha mbaya mwenzake. Wakamfinyanga huyu, wakamweka palipo na mama mjamzito, ili Lamashtu akifika amwone na kugeuka. Nyumba alimotolewa ilikuwa na mama aliyeogopa."

Subilaga alisogeza kikombe chake pembeni.

"Miaka mia tatu vitu vyetu vimechukuliwa na watu wenye sababu nzuri," aliendelea Suhaila. "Vita, elimu, usalama, sayansi. Kila sababu ilikuwa nzuri. Baraza limenituma kukipokea kibao. Halikunipa ruhusa ya kukichoma, na nimeapa mbele yao. Siwezi kusema ndiyo. Nasema hapana, na ninaumia kusema hapana."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

"Nimekusikia," alisema Subilaga.

Hokororo alitoka kwenye kiti chake kwa kasi. Subilaga aliinua mkono, naye akasimama palepale.

"Tutakukabidhi," alisema Subilaga. "Nitakukabidhi kama tunavyokabidhi kwetu."

*

Kwao Subilaga ni Ikombe, kijiji cha Wakisi kando ya Ziwa Nyasa. Mama yake, bibi yake na mama wa bibi yake walifinyanga vyungu na kuviuza soko la Matema. Mfinyanzi wa Ikombe hamkabidhi mtu chungu bila kukigonga mbele yake. Hukizungusha na kukigonga kwa ukucha kote, mdomoni, tumboni na kitakoni, na mnunuzi husikiliza. Chungu kizima hulia. Chungu chenye ila husema kwa sauti ya chini, na mfinyanzi mwenye heshima hukirudisha kapuni.

Subilaga hakuwahi kukigonga kibao hiki. Kanuni za maabara zilikataza mkono mtupu, na ukaguzi ulifanywa na mashine. Kwa miaka miwili alikuwa amekitazama kwenye skrini tu.

Alivua glavu.

"Mama Tumpe," alisema Shekalage taratibu, "kanuni."

"Kanuni ni zetu. Kibao ni chake. Bi. Suhaila, unaruhusu?"

"Naruhusu."

Alikilaza kifudifudi juu ya mto laini, mgongo ukiangalia juu. Mgongo wa kibao haukuwa na picha. Ulikuwa na alama za vidole gumba, mahali mfinyanzi alipokandamiza udongo ndani ya kalibu ili pepo apate uso. Subilaga alianza kugonga kutoka pembeni. Ti. Ti. Ti. Sauti ilikuwa nyembamba na safi, licha ya nyufa zote.

Alipofika nyuma ya bawa la juu kushoto, sauti ilibadilika. Pu.

Aligonga tena. Pu. Alisogea upana wa kidole. Ti. Alirudi. Pu.

"Nini hicho?" aliuliza Suhaila.

Subilaga aliinamisha taa hadi mwanga ukapita sambamba na mgongo wa kibao. Palikuwa na uvimbe mdogo, mpana kama kifuniko cha chupa, uliolainishwa kwa kidole. Kuuzunguka palikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele. Mashine ilikuwa imeuona na kuuandika: *udongo uleule, moto uleule, sehemu ya kibao.*

Alianza kucheka. Machozi yalimtoka akiwa bado anacheka.

"Mama Tumpe?" aliuliza Hokororo.

"Amekosea," alisema Subilaga. "Mfinyanzi amekosea! Kibao kilikwisha kukauka, kisha bawa likapasuka. Badala ya kuanza upya, akachota udongo mbichi kidogo akaubandika nyuma. Hiki ni kiraka. Mimi nilipigwa kofi la mkononi kwa kosa hilihili nikiwa na miaka saba. Mama yangu akaniambia, udongo mbichi hauolewi na udongo mkavu. Ule mbichi hunywea unapokauka, na huu mkavu haunywei tena. Kwa macho vinaonekana vimeungana. Vinaingia motoni pamoja, vinatoka pamoja, lakini havijawahi kushikana."

Shekalage alikuwa amekwisha kusimama. "Moto uleule," alisema. "Siku ileile."

"Ndiyo."

"Kumbukumbu ileile!"

"Ndiyo, bwana. Ninyi wa milimani mnachelewa, lakini mnafika."

Subilaga alimgeukia mgeni. Hapo aliacha kucheka.

"Bi. Suhaila, sitaki nikudanganye kwa furaha. Kiraka hiki ni cha kibao. Tukikitoa, kibao kitabaki kizima na uso wake hautaguswa, lakini kiraka chenyewe kitachomwa na hutakipata kama kilivyokuwa. Uamuzi ni wako."

Suhaila alivaa miwani. Aliinama akautazama ule uvimbe kwa muda mrefu. Palikuwa na alama ya kidole gumba juu yake, wazi kabisa, mistari yake yote ikihesabika.

"Kwa nini wanakuita Mama Tumpe?" aliuliza ghafla.

"Ni binti yangu. Kila mama huitwa hivyo."

"Hata kwetu. Mimi ni Umm Haidar. Huyo Tumpe yuko wapi?"



Shekalage ndiye aliyejibu. "Yuko juu, Bi. Suhaila. Kituo Kilele. Na ana mimba ya miezi saba."

"Na hukuniambia."

"Sikutaka kukushika kwa mtoto," alisema Subilaga. "Ungesema ndiyo kwa huruma, na Baraza lako lingekuuliza."

Suhaila aliweka kiganja chake juu ya meza, karibu na pepo bila kumgusa.

"Niliapa nisiruhusu kibao kichomwe," alisema. "Hiki si kibao. Hiki ni kosa la fundi, na mkataba unaniruhusu kuidhinisha matengenezo ya makosa. Pigeni picha ya hicho kidole gumba kwanza, kila mstari. Kisha kitoeni. Aliyemfinyanga huyu alimfinyanga kwa ajili ya mama mjamzito. Mwacheni amalize kazi."

*

Kiraka kilitoka saa tano kasoro dakika nane. Subilaga alitumia kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe. Alikipitisha kwenye ule mstari, akakipindua kidogo, na kiraka kikaachia bila kelele, kama gamba la kidonda kilichopona. Kilikuwa na uzito wa gramu sita na nusu. Tanuri lilihitaji nne.

Wakati Shekalage akipasha tanuri, Suhaila alikiona kitambaa pembeni ya meza.

"Na kile ni nini?"

Hokororo angeweza kusema ni vifaa. Alifunua kitambaa.

"Hiki ndicho nilichokusudia kukupa," alisema. "Wazo lilikuwa langu. Mama Tumpe ndiye aliyelikataa."

Suhaila alikichukua kibao cha bandia na kukigonga kwa ukucha, kama alivyoona. Ti. Alikigonga nyuma ya bawa. Ti.

"Hakina kosa," alisema.

"Hakina," alikubali Hokororo. "Kichapishi hakibandiki viraka. Kinamwaga kila kitu kwa pamoja." "Kama ningekuwa nimekichoma cha kweli, tungepata namba, na tusingejua kamwe kwamba haikuwa lazima. Nisamehe, Bi. Suhaila."

"Nitakusamehe ukishaniandikia barua. Mimi ni mtu wa kumbukumbu."

Tanuri lilisoma hatua kwa hatua: nyuzi mia moja, mia mbili, mia tatu, hadi kupita mia tano. Kwenye skrini nukta zilijipanga moja moja. Saa saba na dakika arobaini na tisa Shekalage aliondoa miwani ya tanuri. Alijaribu kusema kitu cha mzaha. Kilimshinda.

"Themanini na nne," alisema. "Na hakuna shaka ndani yake. Linaruka mashariki. Wahamie magharibi."

Hokororo alituma ujumbe mwenyewe. Saa nane kasoro dakika tatu Kituo Kilele kiliwasha injini zake.

Saa kumi na dakika mbili tufani ilifika. Tundu liliruka mashariki kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuipima, likatanda juu ya maji matupu. Angani mwa magharibi, mbali nalo, nukta ndogo iliendelea na safari yake.

Saa kumi na dakika thelathini na moja simu ya Subilaga iliita.

"Mama?" ilisema sauti iliyokwaruza. "Mmetuhamisha kama vyungu vya soko. Maji yamemwagika ngazi zote tatu na mimi ndiye wa kuyakausha."

"Mtoto?"

"Anapiga mateke. Nadhani naye anadai maelezo."

Subilaga aliiweka simu mezani, katikati, ili wote wasikie. Shekalage alipiga meza kwa ngumi mbili. Hokororo alikaa chini sakafuni, mkurugenzi mzima na suruali yake iliyopigwa pasi. Suhaila alipiga kigelegele cha Hilla, kirefu na chembamba, na watu wa vyumba vingine wakatoka kuona. Walipoambiwa, walipokea kigelegele kile na kukirefusha, mpaka jengo zima likalia kama chungu kisicho na ila.

*

Yaliyofuata ni haya.

Hokororo aliandika barua ya kurasa mbili kwa Baraza la Hilla na kueleza alichokusudia. Kisha aliandika neno NAKALA mgongoni mwa kibao cha bandia kwa mkono wake.

Shekalage alizima tanuri, akalala kwenye benchi la ukumbi, na hakuamshwa.

Suhaila alifunga kibao cha kweli ndani ya sanduku, akatia sahihi, na kuondoka na ndege ya saa mbili usiku. Mkononi alibeba vumbi la kiraka ndani ya kichupa na picha ya kidole gumba.

Tumpe alikausha ngazi zote tatu.

Subilaga alisahihisha rejesta. Palipoandikwa *sehemu ya kibao*, aliandika: *kiraka, mfinyanzi hakujulikana, alikosea, na kosa lake liliwaokoa watu mia mbili na kumi na wawili, na mmoja ambaye hajazaliwa.* Asubuhi iliyofuata aliteremka Ikombe, akaketi karibu na mama yake mwenye miaka tisini na moja, na kumwomba udongo mbichi kidogo na chungu kilichokwisha kukauka.